Jina Lao, Mali ya Mwingine: Wasanifu wa Kiingereza na Hataza za Marekani

Juma lililopita, katika semina yangu ya uchumi wa siasa, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alisimama kutetea hoja kwamba ubunifu ndio njia fupi kuliko zote ya kuukimbia umaskini. "Dokta," akasema, "mtazame Jonathan Ive. Mtoto wa mwalimu wa Kiingereza, na leo anamiliki maelfu ya hataza za Apple." Darasa likampigia makofi. Sikumkatiza. Alipoketi nilimwuliza swali moja tu: katika maelfu hayo, umewahi kuisoma hati hata moja? Hakuwa ameisoma, wala hapakuwa na mwenzake aliyeinua mkono.

Siwalaumu vijana hawa. Wanarudia yale ambayo magazeti ya London na ya New York yameandika kwa miaka zaidi ya ishirini: fulani "anamiliki" hataza kadhaa, fulani "ana" hataza kadhaa. Kitenzi hicho kimoja, kumiliki, ndicho ninachokusudia kukipinga leo. Nasema ni uongo, tena uongo wenye faida kwa watu mahususi. Nitaonyesha kwa nini unatuhusu sisi tulioketi huku, mbali na Cupertino na mbali na Newcastle.

Hati yenyewe inasema nini

Tuanze na hati, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Marekani ina hataza za aina zaidi ya moja. Ile inayojulikana zaidi hulinda uvumbuzi, yaani namna kitu kinavyofanya kazi. Hataza ya usanifu hulinda sura ya kitu: umbo lake, mistari yake, pambo lake. Hudumu miaka 15 tangu siku ya kutolewa. Kwa maombi yaliyowasilishwa kabla ya Mei 2015 ilikuwa miaka 14. Hati yake ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Haina kurasa hamsini za maelezo. Ina michoro michache na dai moja la sentensi moja, linalosema kwa maneno yasiyobadilika kwamba kinachodaiwa ni sura ya pambo ya kitu hicho kama ilivyochorwa. Mstari uliokolea katika mchoro unadaiwa. Mstari wa vipande vipande haudaiwi. Ndiyo sheria yote: penseli inageuka kuwa mpaka wa shamba.

Sasa chukueni hati nambari D504,889, iliyoombwa mwezi Machi 2004 na kutolewa Mei 2005. Mchoro wake ni bapa jembamba lenye pembe za mviringo, miaka mitano kabla dunia haijaiona iPad. Katika ukurasa wa kwanza yametajwa majina ya wavumbuzi 14. Humo yumo Ive, mzaliwa wa Chingford, London. Yumo Christopher Stringer, aliyesomea Royal College of Art. Wamo Richard Howarth na Duncan Kerr, nao Waingereza. Yumo pia Steve Jobs, ambaye hakuwa msanifu kwa kazi yake. Kando ya kila jina umeandikwa mji anakoishi mwenyewe. Kisha, chini ya orodha hiyo, upo mstari mmoja unaomtaja aliyehamishiwa haki: Apple Computer, Inc., Cupertino, California.

Mstari huo ndio umiliki. Majina 14 yaliyo juu yake ni ushahidi wa nani alichora. Hayana uwezo wa kumzuia mtu, kumruhusu mtu, kuuza wala kurithisha. Ive aliondoka Apple mwaka 2019 na kuanzisha kampuni yake ya LoveFrom. Hati hizo hazikuondoka naye. Kama kesho angetaka kutengeneza bapa lenye pembe zile zile alizozichora mwenyewe, hati yenye jina lake ndiyo ingeletwa mahakamani dhidi yake, muda wake ukiwa haujaisha.

Nani aliyekuwa wa kwanza

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Marekani ilipitisha sheria ya hataza za usanifu mwaka 1842. Hataza ya kwanza kabisa chini ya sheria hiyo ilitolewa mwaka huo huo kwa George Bruce wa New York, kwa herufi za kupigia chapa. Bruce alizaliwa Edinburgh, Uskochi, akahamia Marekani akiwa kijana. Kwa hiyo hataza ya kwanza ya usanifu katika nchi ile ilikwenda kwa mzaliwa wa Uingereza. Lakini Bruce alikuwa na kiwanda chake cha kusubu herufi. Jina lililoandikwa juu ya hati na mfuko ulioingiza fedha vilikuwa vya mtu mmoja.

Baina ya Bruce na Ive umepita muda wa zaidi ya miaka 160, na katika muda huo kitu kimoja kimebadilika: mikono inayochora haimiliki tena kiwanda. Kati yao yupo Bill Moggridge, Mwingereza aliyesanifu kompyuta ya kukunja ya GRiD Compass, iliyotoka mwaka 1982. Kila mwanafunzi anayeifunua kompyuta yake ya mkononi leo anarudia tendo ambalo Moggridge aliliwazia. Kampuni ya Kimarekani ya GRiD iliulinda ukunjaji huo kwa hataza. Sisi tunaukumbuka ubunifu wa Moggridge. Hesabu za kampuni ziliukumbuka ubunifu huo kama rasilimali ya GRiD.

Haki inavyohama

Mwanasheria atanijibu kwamba sheria ya Marekani inamheshimu mvumbuzi kuliko sheria nyingine yoyote: haki huanza kwa binadamu aliyevumbua, si kwa mwajiri. Ni kweli. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisisitiza hivyo mwaka 2011 katika shauri la Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya Roche. Lakini tazameni shauri hilo lilivyoamuliwa. Mtafiti mmoja alikuwa ametia saini karatasi mbili. Katika ya kwanza, ya chuo, alikubali kwamba atahamisha haki zake. Katika ya pili, ya kampuni alikokwenda kujifunza mbinu za maabara, aliandika kwamba anazihamisha sasa hivi. Tofauti ya "nitahamisha" na "ninahamisha" ilikipotezea chuo kikuu kizima nafasi yake ya kuwa mmiliki pekee.

Nataka wanafunzi wangu waitafakari njeo hiyo ya kitenzi. Haki ya mvumbuzi inaanza kwake, ndiyo, lakini inakaa kwake kwa muda gani? Mikataba ya ajira katika kampuni kubwa za teknolojia huandikwa kwa njeo ya sasa, kuhusu vitu ambavyo havijawaziwa bado. Siku ya kwanza kazini, kabla hujaonyeshwa meza yako, umekwisha kuzikabidhi ndoto za miaka kumi ijayo. California ina kifungu katika sheria yake ya kazi, cha 2870, kinachomwachia mwajiriwa yale aliyoyavumbua kwa muda wake mwenyewe, bila vifaa vya mwajiri, na yasiyohusiana na biashara ya mwajiri. Ni kinga njema. Lakini msanifu wa bidhaa katika kampuni ya bidhaa atawaza nini kisichohusiana?

Huko Uingereza walikozaliwa hali si bora, na hapa ndipo hoja yangu inapokuwa kali zaidi. Sheria ya Hataza ya Uingereza ya mwaka 1977 humpa mwajiri uvumbuzi wa mwajiriwa, lakini angalau imeweka mlango: uvumbuzi ukimletea mwajiri manufaa makubwa yasiyo ya kawaida, mvumbuzi anaweza kudai fidia. Profesa Ian Shanks aliupita mlango huo. Mwaka 1982, akiwa mwajiriwa katika kundi la Unilever, alibuni njia ya kupima sukari katika damu; mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua alipwe pauni milioni 2. Alisubiri miaka 37 na akapanda ngazi zote za mahakama, lakini mlango ulikuwapo. Kwa msanifu hakuna mlango. Sheria ya mwaka 1988 inayohusu usanifu inampa mwajiri haki ya kazi ya msanifu aliyeajiriwa, na haina kifungu cha fidia kinachofanana na kile. Ujerumani nayo ina sheria ya mwaka 1957 inayomlazimu mwajiri amlipe mwajiriwa aliyevumbua. Sheria hiyo nayo inawaacha nje wasanifu wa maumbo. Wabunge wa nchi hizo walimwona mwenye kupima sukari kuwa mvumbuzi, na mwenye kuchora umbo kuwa mpambaji.

Umbo lisilo na thamani, mpaka mahakamani

Basi umbo ni pambo tu? Tusikilize kampuni zenyewe zinasemaje zinapokwenda mahakamani.

Mwaka 2011 Apple iliishtaki Samsung huko California. Miongoni mwa silaha zake zilikuwamo hataza tatu za usanifu: mbili za uso na kingo za simu, moja ya mpangilio wa alama za programu kwenye kioo. Agosti 2012 jopo la raia waamuzi likaamuru Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2016 iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba faida inayodaiwa si lazima iwe ya simu nzima. Yaweza kuwa ya sehemu yake. Likarudishwa chini. Mei 2018 jopo jipya likatoa dola milioni 539, na katika hizo takriban milioni 533 zilikuwa za hataza za usanifu. Za uvumbuzi, yaani za namna simu inavyofanya kazi, zilikuwa kama milioni 5 tu. Mwezi uliofuata pande mbili zikapatana.

Someni tena tarakimu hizo. Pembe za mviringo na mpangilio wa alama vilithaminiwa mara mia ya uhandisi uliodaiwa katika shauri lile lile. Sababu yake ni sheria ya zamani ya mazulia. Miaka ya 1880 watengenezaji wa mazulia walishinda mahakamani dhidi ya walioiga michoro yao, lakini Mahakama ya Juu ikaona fidia iliyothibitishwa ni senti 6. Bunge la Marekani likakasirika, na mwaka 1887 likaweka sheria kwamba anayeiga usanifu atoe faida yake yote. Sheria iliyotungwa kuwalinda wachora mazulia ndiyo iliyokuja kuamua mamia ya mamilioni ya dola ya simu za mkononi.

Na mchora zulia wa leo alipata nini humo? Kwa hati zile, hana dai hata la zile senti 6. Fidia ni ya mmiliki, na mmiliki tumekwisha kumtambua. Ushahidi wa kusikitisha zaidi ulitolewa kizimbani mwaka 2012 na Stringer mwenyewe. Aliieleza mahakama jinsi wasanifu kama kumi na watano walivyokuwa wakikusanyika kuizunguka meza ya jikoni katika studio yao, wakibishana juu ya kingo na vitufe. Naiheshimu picha hiyo. Ni picha ya ujima, ya watu wanaofinyanga chungu kimoja kwa mikono mingi. Lakini Stringer aliitwa kuisimulia ili kumthibitishia haki mwenye meza. Na shauri lilipofika Mahakama ya Juu, wasanifu zaidi ya mia moja, akiwamo Mjerumani Dieter Rams na Mwingereza Norman Foster, waliweka saini kuunga mkono dai la faida yote. Sikuwaona wasanifu mia moja wakitia saini kudai sehemu ya faida hiyo iende kwa aliyechora.

Kinaya cha mwisho kilitokea London. Julai mwaka huo huo wa 2012, Jaji Colin Birss wa Mahakama Kuu aliupima usanifu wa bapa lile lile, uliosajiliwa Ulaya, dhidi ya kompyuta bapa za Samsung. Akaamua kwamba Samsung hawakuiga, kwa kuwa vya kwao havina mvuto ule wa Apple. Apple ikaamriwa kutangaza hukumu hiyo. Umbo lililochorwa na mikono ya Kiingereza likasifiwa na jaji wa Kiingereza, na sifa hiyo ikawa ndiyo sababu ya mmiliki wa Kimarekani kushindwa. Wasanifu hawakuwa upande wowote wa shauri.

Nani aligharamia mikono ile

Nitaulizwa: wewe unamlilia nani? Ive ni tajiri. Mwaka 2012 alitunukiwa cheo na kuwa Sir Jonathan. Kampuni ilibeba hasara ya majaribio, ilijenga minyororo ya viwanda, ililipa mishahara minono. Bila Apple, michoro ile ingebaki kwenye karatasi.

Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Ive alipata utajiri wake kwa mshahara na hisa, na alistahili. Lakini kwanza, mshahara si umiliki. Anayelipwa vizuri kwa kulima shamba bado hajaambiwa shamba ni lake, na hakuna gazeti linaloandika kwamba kibarua "anamiliki" ekari mia. Pili, Ive ni mmoja. Katika orodha ile ya majina 14, wangapi mnawajua? Tatu, ukitaka kuhesabu waliobeba gharama, hesabu wote.

Ive alihitimu Newcastle Polytechnic mwaka 1989. Wakati huo mwanafunzi wa Uingereza hakulipa ada. Ada zilianza mwaka 1998. Baba yake, Mike Ive, alikuwa mfua fedha, mwalimu, kisha mkaguzi wa elimu aliyesaidia kuingiza somo la usanifu na teknolojia katika mtaala wa shule zote. Nyuma ya mkono ule, basi, wapo walipa kodi wa Uingereza: dereva wa basi wa Newcastle, muuguzi wa Sunderland. Mwaka 1992 mkono huo ukajiunga na Apple. Dola ya Uingereza iliyolea ikabaki na fahari ya kumpa mwanawe cheo. Hati zikaandikishwa Cupertino. Kisha dola hiyo hiyo ikaliacha somo la usanifu lidhoofike katika shule zake, huku mawaziri wake wakiendelea kumtaja Ive katika hotuba.

Yupo Mwingereza mmoja aliyekataa mkondo huo, na simulizi lake lingefaa kusomwa katika kila chuo cha ufundi. James Dyson alibuni toroli lenye tufe badala ya gurudumu, akaiandikisha hataza kwa jina la kampuni badala ya jina lake. Mwaka 1979 wenzake wakamtoa katika kampuni, na toroli likabaki huko. Alipobuni kifyonza vumbi chake, baada ya mifano 5,127 ya majaribio, alihakikisha hataza ni zake. Hoover walipoiga, aliwashtaki yeye mwenyewe, akashinda mwaka 2000. Dyson si mtakatifu. Mwaka 2002 alihamishia utengenezaji Malaysia na mamia ya wafanyakazi wa Kiingereza wakapoteza ajira. Lakini kuhusu hati alijifunza kwa maumivu somo ambalo wengi hawajalisoma hata bure.

Yanatuhusuje

Sheria hizi hazikuishia Ulaya na Marekani. Chini ya ukoloni, usanifu uliosajiliwa London ulihesabiwa umelindwa hata huku Afrika Mashariki bila kusajiliwa upya. Uganda iliachana rasmi na utaratibu huo kwa sheria yake ya mwaka 2014. Tulirithi mlango wa kuwalinda wao kabla ya kujenga wa kujilinda sisi. Na sasa vijana wetu wanachora programu, nembo na maumbo kwa ajili ya kampuni za ng'ambo bila kuondoka Sinza wala Kilimani. Wanapokea mikataba kwa barua pepe, kwa Kiingereza cha kisheria, na wanaitia saini usiku huo huo kwa hofu ya kupoteza nafasi. Yaliyowapata wasanifu wa Kiingereza wenye mishahara minono yatawapata hawa bila ile minono.

Kwa hiyo natoa madai matatu, kila moja kwa mwenyewe.

Kwa wanafunzi: msitie saini karatasi ambayo hamjatafuta humo kitenzi cha kuhamisha. Je, ni "nitahamisha" au "ninahamisha"? Kinahusu kazi ya mwajiri tu, au kila mtakachowaza hata usiku nyumbani? Orodhesheni mliyokwisha kuyabuni kabla ya ajira, na muombe orodha hiyo iambatishwe.

Kwa wanaharakati: acheni kuhesabu hataza kwa majina ya watu mashuhuri. Ulizeni mmiliki ni nani, na mgao wa aliyechora uko wapi. Vyama vya wafanyakazi vinavyojadili posho ya nauli vinaweza kujadili pia mgao wa hataza.

Kwa watumishi wa umma wanaoandika rasimu za sheria: msinakili kasoro ya Uingereza. Mkiweka fidia kwa mvumbuzi mwajiriwa, mwekeeni na msanifu. Na kwa kuwa Novemba 2024 mataifa yalipitisha huko Riyadh mkataba wa kimataifa wa sheria ya usanifu, ulioacha nafasi kwa nchi kumtaka mwombaji aeleze kama umbo lake limetokana na sanaa za jadi, itumieni nafasi hiyo. Asije mtu akaandikisha kwa jina la kampuni yake ususi wa bibi zetu, akatuuzia.

Yule mwanafunzi wangu nilimpa kazi ya nyumbani: aichapishe hati D504,889, apigie mstari kila jina, kisha aniandikie kwa ukurasa mmoja kila mmoja wa waliotajwa anaweza kufanya nini na karatasi hiyo. Jana ameniletea. Chini ya majina 14 ameandika neno moja, "kujivunia". Chini ya jina la kampuni ameujaza ukurasa wote uliobaki.